Ekinasia za bustani: Magnus bado inaongoza, na rangi mpya zinakufa kwa sababu

Picha ya kwenye kibandiko cha ekinasia hupigwa mmea ukiwa bado kitaluni, umelishwa mbolea vizuri, na ua likiwa na siku tatu au nne tangu lifunguke. Haikwambii lolote kuhusu mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu ndio unaotenganisha ekinasia ya kununua na ekinasia ya kupita. Tathmini hii inapima aina zinazopatikana sana, za miche na za mbegu, kwa maswali manne: je, mmea unarudi baada ya majira ya baridi? Shina linasimama bila kuegemezwa? Nyuki na vipepeo wanapata chochote? Na ua likizeeka, bado linafanana na kibandiko?

Kwa asiyelijua, hili ni ua la jamaa ya alizeti, asili yake Amerika ya Kaskazini, upande wa katikati na mashariki. Petali ndefu zinazunguka koni ngumu yenye ncha za rangi ya chungwa iliyokolea. Spishi ni chache, hazizidi kumi, na nyingi ya zile zinazouzwa ni Echinacea purpurea au machotara yake.

Magnus kwanza, maana ndiyo kipimo cha nyingine zote. Ni purpurea iliyochaguliwa na Mswidi Magnus Nilsson, na mwaka 1998 chama cha Marekani cha wakuzaji wa mimea ya kudumu, Perennial Plant Association, kiliitangaza mmea wa mwaka. Alichokitafuta ni petali zinazolala bapa, kwa kuwa purpurea ya kawaida huziinamisha chini kama mwavuli uliolowa. Shina hufika sentimita 90 hivi, gumu, lenye vinyweleo vinavyokwaruza mkono, na ua la mmea uliokomaa huwa na upana wa sentimita 10 hadi 15. Ukiipa jua na udongo usiotuama maji, inarudi kila mwaka na kundi linanenepa bila kusumbua mtu. Alama 9 kati ya 10.

Alama moja imekatwa kwa sababu Magnus huzalishwa kwa mbegu. Miche kumi ni ndugu kumi, wala si nakala. Ndani ya kundi utakuta mmoja au wawili wenye petali zinazoinama, na mwingine mfupi kuliko wenzake kwa kiganja kizima. Anayetaka mstari uliolingana anunue miche ikiwa imeshachanua, achague kwa macho. Asiyejali, anunue mbegu. Tofauti hizo ndogo zinapendeza kwenye bustani isiyo ya kijeshi.

White Swan ni dada yake mweupe, sentimita 60 hadi 75, wa mbegu pia, na ukiinama karibu yake saa za jua kali unanusa asali. Inafaa kuangaza kona ya nyuma. Ila kwenye petali nyeupe kila doa linaonekana, na zikianza kukauka zinageuka kahawia upesi. Ukiichukua, jua umejiajiri kazi ya kukata vichwa vilivyochoka.

PowWow Wild Berry ilishinda tuzo ya All-America Selections, tuzo ya Marekani ya aina mpya za mimea ya bustani, mwaka 2010, na rangi yake ndiyo imeniridhisha kuliko pinki zote: zambarau-nyekundu nzito isiyopauka haraka juani. Ni fupi, sentimita 50 hadi 60, ina matawi mengi, na ukiisia mapema ndani ya nyumba inachanua mwaka uleule. Ni ya mbele ya tuta. Ukiiweka katikati ya mimea mirefu, majani yake ya chini yanakosa hewa na kivuli kinaishia kuimaliza. Usiibane, iachie sentimita 45 kila upande.

Cheyenne Spirit nayo ilichukua tuzo hiyohiyo mwaka 2013, kwa kazi iliyokuwa ngumu kabla yake: nyekundu, chungwa, manjano, krimu na pinki, zote kutoka pakiti moja ya mbegu. Kwa mwenye eneo kubwa na fedha kidogo hakuna njia rahisi zaidi ya kupata rangi za moto. Kasoro iko palepale kwenye sifa yake: huchagui rangi. Panda miche mingi, subiri ichanue, kisha hamisha au ondoa usizozitaka. Na usishangae baadhi zikipotea baada ya misimu miwili wakati jirani yake amesimama imara. Damu yake imechanganyika, na kila mche una urithi wake.

Hapo ndipo tunafika kwenye malalamiko makubwa kuhusu ua hili: ekinasia za chungwa, nyekundu na manjano zinanunuliwa kwa bei ya juu, zinachanua vizuri, halafu baada ya baridi ya kwanza hakuna kitu ardhini. Wengi wanalaumu baridi yenyewe. Baridi ina sehemu yake, lakini mambo huwa yameharibika miezi kadhaa kabla.

Purpurea haina rangi ya manjano. Rangi hiyo ilitoka kwa Echinacea paradoxa, spishi ya manjano ya milima ya Ozark, huko Missouri na Arkansas. Ilipochanganywa na purpurea ndipo ikapatikana chungwa. Iliyofungua mlango ilikuwa Orange Meadowbrite, kazi ya Jim Ault wa Chicago Botanic Garden, iliyoingia sokoni mwaka 2004. Paradoxa huota sehemu kavu zenye mawe, kwa mzizi mkuu mmoja unaozama chini. Purpurea ina mizizi mingi myembamba na huvumilia udongo wa kawaida wa bustani. Chotara analeta mahitaji ya wazazi wote wawili, na hasa chuki ya mzazi mmoja kwa maji yanayokaa kwenye mizizi wakati wa baridi.

La pili ni namna zinavyozalishwa. Nyingi ni miche ya tishu, yaani iliyokuzwa maabara kutoka vipande vidogo vya mmea mama, maana mbegu zake hazizai mtoto anayefanana na mama. Mche wa tishu hukuzwa haraka, husukumwa uchanue kwenye chungu ili uuzike, na nguvu yote inakwenda kwenye ua. Sasa chukua chungu kama hicho, sukuma majani kando kwa vidole uangalie pale shina linapoingia kwenye udongo. Mche mzuri una vichipukizi vya pembeni, vifupi, vya kijani au zambarau, vinne au vitano vimebanana kuzunguka shina la ua. Hivyo ndivyo mashina ya mwaka ujao. Mche mbaya una shina moja tu, nene, lenye ua zuri juu yake, na chini hakuna kitu. Shina hilo likishakauka, mmea hauna pa kuanzia. Hata bustani isiyojua barafu isingeuokoa.

Dawa yake inauma lakini inafanya kazi: mwaka wa kwanza kata mashina yote ya maua yanapojitokeza, au kubali moja tu ili uhakikishe rangi, kisha kata. Mmea ukikosa kazi ya ua unatengeneza vichipukizi. Panda mwanzoni mwa majira ya kuchipua, si mwishoni mwa kiangazi wakati vitalu vinapunguza bei. Mche unahitaji msimu mzima wa kusambaza mizizi. Chotara aliyepandwa wiki sita kabla ya barafu, tena akiwa na maua, ni ua la chombo cha mezani lililouzwa na chungu chake.

Kuna dai jingine linalorudiwa sana, kwamba ekinasia ya chungwa "imegeuka pinki." Haigeuki. Mama amekufa, na mbegu alizodondosha zimeota mahali pake. Watoto wa chotara mara nyingi wanarudi kwenye pinki ya purpurea. Ukitaka kulinda rangi, kata vichwa vya chotara kabla mbegu hazijakomaa na ung'oe kila mche mdogo unaochipuka chini yake. Jambo tofauti ni kupauka: chungwa na nyekundu nyingi hufifia kuelekea pinki hafifu au krimu kadiri ua linavyozeeka, na hilo ni la kawaida, kibandiko tu ndicho kilichonyamaza.

Kuhusu ekinasia za maua ya tabaka, zile ambazo koni yake imegeuka rundo la petali, sina mengi. Razzmatazz ya Uholanzi ndiyo iliyoanzisha mtindo huo, na sasa zipo za kila rangi. Kwenye chombo cha maua mezani zinavutia. Bustanini kichwa kinabeba maji ya mvua, kinakuwa kizito, shina linapinda. Nyuki wanatua, wanatafuta, wanaondoka, kwa sababu vijiua vidogo vyenye nekta na chavua vimebadilika kuwa petali. Kama swali la tatu kati ya yale manne lina maana kwako, ziache.

Kwa anayetaka ushahidi mpana zaidi wa bustani moja, Mt. Cuba Center ya Delaware, Marekani, ililinganisha ekinasia 75 kuanzia 2018 hadi 2020. Iliyokuja juu ni Pica Bella: petali nyembamba zilizoachana, pinki nzito, mashina mengi membamba yasiyoanguka. Si ua la kupigiwa kelele ukiliona dukani, na labda ndiyo sababu mara nyingi linabaki kwenye rafu. Purpurea ya kawaida, isiyo na jina la biashara, nayo ilifanya vizuri, hasa kwa wadudu wachavushaji. Ukiikuta Pica Bella, ichukue kabla ya nyekundu yoyote.

Spishi za porini zinastahili mteja wake. Echinacea pallida ina petali ndefu, nyembamba, zinazoning'inia chini, na chavua nyeupe ambapo wenzake wana ya manjano. Inachanua mapema kuliko purpurea na inapendeza ikichomoza katikati ya nyasi za mapambo. Echinacea tennesseensis, fupi, yenye petali zilizopinda kidogo kwenda juu na maua yanayotazama mashariki, iliorodheshwa Marekani kuwa hatarini kutoweka mwaka 1979 na ikaondolewa kwenye orodha mwaka 2011 baada ya kulindwa. Zote mbili zina mzizi mkuu. Maana yake ni moja: ukishapanda umepanda. Nunua mche mdogo kwenye chungu kirefu. Mche mkubwa uliozungusha mzizi ndani ya chungu kifupi umekwishaharibika kabla hujalipa.

Mbegu ni bidhaa nafuu kuliko zote na ndiyo inayotupwa sana kwa kukosa subira. Mbegu nzuri ya purpurea ina urefu wa milimita 4 hadi 5, pembe nne, nyeupe iliyochuja, ngumu. Ibonyeze kwa ukucha: ikibonyea ni ganda tupu. Mbegu zikiwa na mkanda wa kahawia upande wa juu wakati pakiti imeandikwa purpurea, uliza maswali, maana mkanda huo ni wa spishi kama pallida. Nunua za mwaka huu. Za miaka mitatu huota chache.

Purpurea huota hata bila kupitishwa kwenye baridi, ila wiki mbili hadi nne ndani ya friji huzifanya ziote kwa pamoja. Pallida na paradoxa hazina mjadala, zinataka wiki nane hadi kumi na mbili. Changanya mbegu na mchanga uliolowanishwa kiasi kwamba ukiuminya hautoi tone, funga kwenye mfuko wa plastiki, andika tarehe, weka kwenye friji penye nyuzi 4 hivi, kamwe si kwenye sehemu ya kugandisha. Kila wiki fungua uangalie ukungu. Muda ukiisha, sia juu ya udongo mwepesi na ufunike kwa milimita 3 tu, kwani mwanga husaidia kuota. Joto la nyuzi 18 hadi 21, na miche inaonekana kati ya siku 10 na 21. Kosa la kawaida hapa ni maji: udongo ukilowa muda wote, mche unanyauka kwenye shingo na kulala usiku mmoja. Mwagilia kutoka chini, acha juu pakauke kidogo, weka hewa. Jozi mbili au tatu za majani halisi zikitoka, hamishia kila mche kwenye chungu chake.

Mahali pa kupanda pawe na jua la saa sita kwa siku au zaidi. Pungufu ya hapo mashina yanarefuka yakitafuta mwanga na kuanguka yakikutana na mvua. Udongo wenye pH ya 6 hadi 7 unatosha. Wa mfinyanzi unaotuama maji uinuliwe kwa tuta la sentimita 15 hadi 20 na kuchanganywa mboji. Kuchimba shimo na kulijaza mchanga ndani ya mfinyanzi ni kutengeneza beseni. Shimo liwe na upana mara mbili ya chungu na kina kilekile. Pukuta sehemu ya udongo mwepesi wa chungu, nyoosha mizizi iliyozunguka, na panda shingo ya mmea ilingane na uso wa ardhi. Ikizama sentimita mbili inaoza; ikiachwa juu inakauka. Nafasi ni sentimita 45 hadi 60. Matandazo yakae umbali wa sentimita 5 kutoka shinani.

Mwaka wa kwanza, maji ya kina cha sentimita 2.5 kwa wiki, mvua ikiwemo. Baada ya hapo mmea unavumilia ukame mfupi bila msaada. Mbolea ni mboji ya sentimita 2 hadi 3 kila mwaka mwanzoni mwa majira ya kuchipua, basi. Samadi mbichi au mbolea ya naitrojeni inatoa majani mapana ya kijani kibichi na shina laini lisilobeba kichwa chake. Nusu ya ekinasia unazoziona zimefungwa kwenye vijiti zilishibishwa kupita kiasi.

Jambo moja ambalo vibandiko havigusi kabisa ni urefu wa mchana. Purpurea huchanua vizuri mchana ukiwa wa saa 13 hadi 16. Karibu na ikweta, ambako mchana haupiti sana saa 12, mmea wenye afya unaweza kukaa shada la majani muda mrefu na kutoa maua machache au kuchelewa mno. Tatizo hapo halipo kwenye mbegu wala mbolea. Wakuzaji wa kwenye vitalu huwasha taa kwa muda wa saa nne katikati ya usiku kuukatisha usiku huo. Mwenye tuta moja karibu na dirisha au taa ya nje anaweza kujaribu vivyo hivyo kabla ya kuilaani pakiti.

Magonjwa mawili yanafanana kiasi kwamba watu hung'oa mmea mzima bila sababu, au huuacha wakati ungepaswa kung'olewa. La kwanza ni utitiri wa kichwa cha ua, mdogo asiyeonekana kwa macho. Pembeni mwa koni vinachomoza vishungi vifupi vya petali zilizokunjamana, kijani au wekundu, lakini majani na shina ni salama na ua la jirani huenda halina kitu. Kata vichwa vilivyoathirika, vitoe bustanini, na mwisho wa msimu kata mmea wote chini. Wengi wa utitiri hao huishi kwenye mabaki ya vichwa. La pili ni manjano ya asta, ugonjwa wa fitoplasma (aina ya bakteria wadogo sana) unaoletwa na kidudu kidogo chenye kuruka kinachofyonza utomvu wa majani. Hapa ua lote linageuka kijani, koni inaota vijani au vikoni vingine juu yake, majani yanapauka, mmea unadumaa. Hakuna dawa. Ng'oa na mizizi yake siku unapougundua. Ugonjwa hauishi udongoni, kwa hiyo shimo hilohilo linaweza kupandwa tena.

Ukikuta kichwa kinaning'inia kwa uzi mwembamba wa ngozi ya shina, huyo ni fukusi wa vichwa vya alizeti, tatizo la Amerika ya Kaskazini zaidi. Okota vichwa vilivyoanguka maana funza wake yumo ndani. Ubwiri unga juu ya majani ni ishara ya msongamano, si janga. Konokono wanapenda vichipukizi vya mwanzo wa msimu kuliko mmea mwingine wowote kwenye tuta, hivyo kagua usiku wiki hizo za kwanza.

Kata maua yaliyochoka hadi kwenye jani lenye kichipukizi, na utapata wimbi la pili. Mwishoni mwa kiangazi acha. Chiriku hushuka kula mbegu, na mashina makavu yakatwe tu majira ya kuchipua yakikaribia.

Kugawanya kundi ni kwa purpurea peke yake, Magnus na White Swan zikiwemo, na si kabla ya mwaka wa nne. Chimbua kundi zima mapema majira ya kuchipua, kata kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na vichipukizi vitatu na mizizi yake, panda siku hiyohiyo. Chotara za tishu ziache mahali zilipo hata kundi likionekana kunenepa, kwa kuwa vipande vyake vidogo mara nyingi havivuki baridi inayofuata. Pallida na paradoxa kisu kisizikaribie kabisa. Ukitaka zaidi, chukua mbegu zake na uzirudishe kwenye friji.